Punje Mbili za Tunda Moja

Wazee walifika kwa pikipiki. Mposaji akafika kwa miguu.

Jambo hilo peke yake lilitosha kuharibu siku. Tangu Kihanga iwe Kihanga, nani aliwahi kuona wageni wameketi juu ya majani mapya yaliyotandazwa sakafuni kwa ajili ya posa, rubisi, ile pombe ya ndizi, imeshatolewa kwenye kibuyu, halafu wanaambiwa kwamba mwenye kuposa bado yuko njiani, anatembea? Si kwamba pikipiki ilimharibikia. Si kwamba alikosa nauli. Alitoka kwao Kibingo, kule Kyerwa, jana yake alfajiri, akili zake zote kichwani, akaamua kuja kuomba mke kwa miguu.

"Anatembea?" Mzee Rogasian, baba yake Xaveria, binti anayeposwa, aliuliza tena.

"Anatembea, waitu," alijibu Mzee Melkiory, baba mdogo wa Nolasco, huyo mposaji, na msemaji wake siku hiyo. Alikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. "Ndiyo kazi yake."

"Kutembea ni kazi?"

"Huko Ulaya, ni kazi."

Shangazi Sperancia, dada mkubwa wa Mzee Rogasian, aliyekaa karibu na mlango ili asipitwe na mtu, aligeuza shingo taratibu. "Basi na ng'ombe wetu wote wameajiriwa."

Wazee wakacheka. Xaveria naye, nyuma ya pazia, alicheka kidogo huku ameng'ata ncha ya kanga. Kisha kicheko kikamkaukia mdomoni. Ulikuwa ucheshi alioujua. Alikuwa ameula miaka mitatu, mchana na jioni, bila chumvi.

Watu husahau upesi, hasa wakishakaribishwa rubisi. Ukiuliza leo pale Kihanga ni nani waliomcheka Xaveria alipokuwa akisubiri, hutampata hata mmoja. Wote walimwombea! Wote walimtia moyo! Uongo. Walimcheka jumuiyani, walimcheka gulioni, walimcheka mbele ya cherehani yake wakiwa wameleta sketi zao zipunguzwe kiuno. "Mchumba wako kafika wapi sasa? Kashavuka mbingu ya kwanza?" Na yeye akiinamisha kichwa, akikanyaga pedeli, akishona viuno vyao. Maneno kama yale hayafai kusamehewa kwa sababu tu waliosema wamekuja na sinia la ndizi.

Nolasco alianzia Kilimanjaro, upagazi. Alibeba viti vya watu, meza za watu, hata choo cha watu alikipandisha mlimani. Siku moja akamwona mgeni mmoja mzee akipita na kibegi mgongoni kama cha mtoto wa shule, na humo mna nyumba yake, kitanda chake na jiko lake. Tangu siku hiyo Nolasco akauchukia uzito kama mtu anavyouchukia ugonjwa uliomuua ndugu yake.

Akarudi nyumbani, akamwendea Xaveria na kitambaa chepesi cha mwavuli mkononi.

"Nishonee begi," alimwambia, "lisilo na kitu."

"Begi lisilo na kitu si ni hewa?"

"Basi nishonee hewa yenye mikanda."

Hivyo ndivyo walivyoanza kupendana: juu ya mikanda. Kila alipokuja alikuta jambo la kupunguza. Mfuko wa pembeni, ukatwe. Bizimu la mkanda, la nini, fundo linatosha. Alikata mpini wa mswaki. Alikata lebo za nguo. Alikuwa anainua kila kitu kwenye kiganja, anakipima kwa macho, anasema, "Kila unachobeba, Xave, jiulize: nikikiacha, nitakufa?" Xaveria alikuwa akimcheka mpaka machozi. Hakuwaza hata kidogo kwamba iko siku yeye mwenyewe atawekwa kwenye kiganja kile.

Akamshonea begi. Akamshonea na hema, la kusimamishwa kwa fimbo zake mbili za kutembelea. Kwa mikono yake mwenyewe msichana yule alishona kila kitu kilichompeleka mbali.

Na kabla hajaondoka mara ya kwanza, walisimama shambani, katikati ya mibuni, matunda yamewiva mekundu. Xaveria alikuwa amesikia kwa bibi yake, marehemu sasa, habari za omukago: watu wawili wanapasua tunda moja la kahawa, ndani mna punje mbili zilizolala uso kwa uso, kila mmoja anachanja ngozi yake kidogo, punje inapakwa damu, wanabadilishana, wanameza. Waliokula omukago, bibi alisema, hawaachani mpaka kaburi.

Xaveria akafumba macho, akameza. Ilikuwa chungu, ikakwama, akameza tena na mate.

"Umemeza?" alimuuliza.

"Tayari," Nolasco alijibu.

Ndipo akaondoka.

*

Siku hiyo ya posa, Nolasco alifika jua limeanza kuegemea upande wa pili. Kwanza zilisikika fimbo zake, tok, tok, kwenye mawe ya njia, kisha akatokea kati ya migomba: mwembamba kuliko alivyoondoka, ndevu za vumbi, miguu kama ya kuku wa kienyeji, na begi lile lile mgongoni, limepauka kwa jua la nchi nyingine. Akaegesha fimbo ukutani, akavua viatu, akainama.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi. Shikamooni wazee."

"Marahaba," Mzee Rogasian aliitikia kwa upande wa mdomo. "Pole na safari, kijana. Pikipiki zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea baba. Niliona jambo kubwa kama hili si vizuri kulifikia haraka."

Jibu hilo liliwagusa wazee, hata kama hawakutaka. Mzee Melkiory akalidaka papo hapo kama mtu aliyeokota ufunguo wake. "Mnasikia? Kijana ana heshima! Huyu ametembea Hispania, Njia ya Mtakatifu Yakobo, mpaka kwenye kaburi la Mtume. Ametembea milima ya Nepali. Watu wanamfuata kwenye simu, wanamchangia, wanamwambia endelea. Na mwezi ujao anakwenda Nyuzilandi, anaitembea nchi yote, kichwa mpaka mkia!"

Mwezi ujao. Nyuma ya pazia, Xaveria alishika ukuta. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mwezi ujao.

"Hispania sawa, ile ni hija," alisema Shangazi Sperancia. "Na huko Nyuzilandi mwisho wa njia kuna mtakatifu gani?"

"Hakuna shangazi," Nolasco alisema. "Kuna bahari."

"Unaanzia wapi?"

"Baharini."

"Unatoka baharini unakwenda baharini." Shangazi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, hukuiona vizuri ile ya kwanza?"

Nyumba ikaangua kicheko. Nolasco naye akacheka, kile kicheko chake cha mabega, na Xaveria alikisikia kikipenya pazia na kumpiga kifuani. Lo, moyo hauna aibu! Unatukanwa mchana kweupe na bado unasogea mlangoni kuchungulia.

"Aletwe mtoto," Mzee Rogasian akaamuru. "Wageni wapate kahawa."

Xaveria akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, ambayo mgeni wa nyumba yoyote ya pale hupewa kabla ya neno zito. Alipiga magoti kwa kila mmoja. Mzee Melkiory akachukua punje zake, shangazi akachukua zake. Alipofika mbele ya Nolasco hakuthubutu kuinua macho. Akayaweka kwenye vidole vya miguu yake, viwili havina kucha. Ndipo akayainua. Akakuta yanamsubiri. Macho yale yale, yenye mtu ndani, yamechoka, yamejaa maji.

Akamsogezea kikapu.

"Asante," Nolasco alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini mimi nina yangu."

Akavuta begi, akaupapasa mkanda wa bega. Palikuwa na kifuko kidogo pale, kimeshonwa vibaya, uzi umepanda na kushuka kama njia ya mlevi. Xaveria alijua mara moja kwamba mshono ule haukuwa wake. Nolasco akachokoa kwa kidole, akatoa kitu, akakiweka kiganjani: punje moja ya buni, kuukuu, nyeusi upande mmoja.

"Wazee wangu, mnasema mtu anayetembea hana moyo wa kukaa. Mimi nimetupa kila kitu. Nimekata mpaka mswaki. Lakini hii sikuitupa. Tulipasua tunda moja mimi na Xaveria, tukapaka damu yetu. Hii nimetembea nayo dunia nzima."

Alisema kwa fahari, maskini, kama mtu anayeweka ng'ombe mezani. Alitegemea vigelegele.

Mzee Melkiory akaacha kutafuna.

"Mawe, mama yangu!" Shangazi Sperancia alisimama, mkono kichwani. "Mmekula omukago?"

"Ndiyo, shangazi."

"Wewe na huyu?"

"Mimi na yeye."

"Basi mnaposa nini hapa?" Sauti yake ilipasuka. "Omukago ni undugu! Wanaume waliokula omukago watoto wao hawaoani, sembuse wao! Huyu ni dada yako, kijana. Umekuja kuposa dada yako!"

Mzee Rogasian akaweka kibuyu chini. "Xaveria. Kweli?"

"Bibi alisema hawaachani mpaka kaburi," Xaveria alinong'ona.

"Na ndugu wanaachana?" shangazi akafoka. "Ulisikia nusu ya maneno ukakimbilia shambani!"

Kila mtu akaanza kusema. Mzee Melkiory anasema mambo ya zamani hayo, padri hayajui. Mzee Rogasian anasema padri hakuzaliwa Kihanga. Nolasco amekaa mdomo wazi, punje bado kiganjani. Na Xaveria amepiga magoti pale pale na kikapu chake, anaona miaka yake mitatu ikigeuzwa upande wa ndani nje, kama nguo iliyoshonwa kinyume.

Ni shangazi aliyenyamaza kwanza. Alikuwa akikitazama kiganja cha Nolasco.

"Ngoja," alisema. "Ngojeni kwanza. Kijana, hiyo ni ya nani?"

"Yangu. Yenye damu yake."

"Sasa mbona iko nje?"

Nolasco akakunja kiganja.

"Omukago unamezwa," shangazi aliendelea, taratibu sasa, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. "Hukumeza?"

"Sikumeza."

"Hata kidogo?"

"Niliiweka shavuni. Baadaye nikaitoa, nikaitunza."

Shangazi akarudi kukaa kwa kishindo, akapiga makofi mara moja. "Basi hakuna kitu! Asipomeza mmoja, kamba haikufungwa. Mwenyezi Mungu amewaokoa hao wajinga wawili. Rogasian, mimina!"

Pumzi zikatoka vifuani. Kibuyu kikainuliwa. Mzee Melkiory akamkumbatia Mzee Rogasian kana kwamba wamevuka mto Kagera wenye mafuriko, na mtu akapiga kigelegele kule jikoni bila hata kujua cha nini. Walicheka wote.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa bado anasikia neno moja, la miaka mitatu iliyopita, likitamkwa kwa sauti tamu kati ya mibuni. *Tayari.*

*

Xaveria na Nolasco waliruhusiwa kwenda nyuma ya nyumba wazungumze, mahali shangazi angeweza kuwaona na asiwasikie. Mibuni ilikuwa imechumwa. Matawi matupu, majani meusi, na ile harufu ya maganda yanayooza.

"Umekasirika," Nolasco alianza.

"Nilikuuliza umemeza, ukasema tayari."

"Niliogopa, Xave."

"Uliogopa punje?"

"Niliogopa lile la mpaka kaburi." Alijaribu kutabasamu. "Lakini ona Mungu alivyo. Ningemeza, leo ungekuwa dada yangu. Woga wangu ndio uliotuokoa."

"Ni kweli," Xaveria alisema. "Na ndiyo maana unaniuma. Hata sina pa kukushikia kosa."

Upepo ulipita kwenye migomba, ukapasua jani. Nolasco akasogea, akamshika vidole. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa fimbo, lakini alimshika kwa upole ule ule, ule uliomfanya msichana wa watu awakatae waposaji wa Bukoba wenye magari.

"Tufunge ndoa kabla sijaenda," alisema. "Padri wenu atatusaidia. Nikirudi, tunajenga."

"Ukirudi kutoka Nyuzilandi."

"Ndiyo."

"Halafu?"

Akasita. "Kuna njia moja Ajentina…"

"Na halafu?"

"Xave, mimi nikikaa nakauka. Unajua. Ulinijua hivyo."

"Nilikujua." Xaveria akavuta pumzi. Alichotaka kusema alikuwa amekishona kichwani miaka yote mitatu, akakifumua, akakishona tena. "Basi nichukue."

"Wapi?"

"Huko. Nyuzilandi, Ajentina, kokote. Na mimi nina miguu. Nilikuwa nabeba ndoo kutoka kisimani mpaka juu kule, hukuwahi kuniona nimepumzika. Begi langu nitajishonea wiki hii hii."

Nolasco akacheka kidogo, akadhani ni utani. Kisha akaona si utani.

"Njia ile ni ngumu."

"Ngumu kuliko kukaa?"

"Hema ni la mtu mmoja."

"Hema nililishona mimi, Nolasco. Naweza kuliongeza kitambaa kabla ya Jumapili."

Akamwachia vidole. Akatazama chini, akakuna ndevu. Na Xaveria, aliyemjua mtu huyu kama fundi anavyojua kiuno cha mteja wake, aliona neno linakuja kabla halijafika. Alimwomba Mungu lisifike. Alimwomba kwa Kiswahili na kwa Kinyambo.

"Uzito, Xave," Nolasco alisema polepole. "Wawili ni uzito."

Basi.

Hakulia. Wanaume wengi husubiri kilio, kwa sababu kilio wanajua pa kukishika. Alibaki amesimama tu, na upweke ulioanza pale haukuwa ule wa kusubiri. Ule wa kusubiri una dirisha. Huu ulikuwa chumba.

"Nipe niione," alisema mwisho.

"Nini?"

"Punje."

Nolasco akafurahi kwamba amepewa kitu cha kufanya. Akaitoa, akaiweka kwenye kiganja cha Xaveria. Ilikuwa nyepesi mno. Jua na jasho vilikuwa vimeikausha, ungeipuliza ingeruka. Damu yake mwenyewe ilikuwa pale, doa jeusi, imeonyeshwa milima ya Nepali na kaburi la Mtume, na haijawahi kupewa mahali pa kukaa.

Xaveria akaitia mdomoni, akameza.

"Xave!" Alimrukia mkono, lakini alikuwa amechelewa. "Umefanya nini? Umeharibu! Sasa… sasa tumekuwa nini?"

"Wewe hujawa kitu," Xaveria alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikutikisika. "Hukula chochote. Uko huru kama ulivyokuja. Nimekupunguzia."

Alitembea kuelekea nyumbani. Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni; alikuwa ameona mkono ukienda mdomoni.

"Shangazi," Xaveria alimuuliza, "mtu akimeza zote mbili, anakuwa ndugu wa nani?"

Shangazi alikuwa na jibu kwa kila mtu tangu asubuhi. Akamvuta kichwa, akakilaza begani kwake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hajawahi kutokea."

Ndani, kicheko kilikuwa kinaendelea. Mzee Rogasian aliita, "Xaveria, mbona mmechelewa? Waambieni wazee siku!" Shangazi akaingia yeye. Kicheko kikakatika katikati, na likafuata lile zogo la kunong'onezana la watu wazima wanaotafuta namna ya kuondoka bila kuaibishana.

Xaveria alikwenda barazani, Nolasco alipokuwa ameliacha begi. Alilipakata. Akakagua mshono kwa mshono, kama ambavyo angefanya kwa mteja yeyote. Mgongoni pamechakaa, shingoni uzi umelegea. Akachukua mkasi mfukoni mwa gauni, mkasi ambao hauachi hata siku ya kuposwa, akakikata kile kifuko kilichoshonwa vibaya, nyuzi moja moja, asiutoboe mkanda. Nolasco alisimama juu yake, mikono imening'inia.

"Kifuko hiki hakina kazi tena," Xaveria alisema, akamkabidhi begi. "Lipime."

Nolasco hakulipima. Alilivaa, akachukua fimbo zake. Baba yake mdogo alimwita apande pikipiki, akatikisa kichwa.

Tok, tok. Akashuka kati ya migomba. Xaveria alimfuata kwa macho tu, mpaka pale njia inapoanza kupanda kilima cha pili, mahali ambapo siku zote alizoea kuongeza mwendo. Alimwona anasimama. Akavuta mkanda wa kulia. Akapiga hatua chache, akasimama tena, akaulegeza, akauvuta wa kushoto, akalitikisa begi zima mgongoni kama mtu aliyepakiwa jiwe.

Xaveria aliijua mikanda ile. Aliishona mwenyewe, na muda si mrefu alikuwa ameikagua. Haikuwa na kasoro yoyote.